Siku Niliyomjibia Mama Mkwe

Jamani, hili nalisimulia huku nimeinamisha uso, na mkicheka chekeni polepole maana mke wangu yuko chumba cha pili.

Mama mkwe wangu ni Mkongo wa Bukavu, Kiingereza hajui, Kiganda hajui, ni Kiswahili chao tu, na siku maumivu ya goti yalipomzidi, mke wangu alikuwa kazini, basi mimi niliyekulia nyumba za polisi Nsambya (Kiswahili chetu cha kambini, kibovu lakini kinatembea) nikaambiwa nimpeleke kliniki moja ya Kansanga, nikatafsiri. Mimi Muganda. Kwetu mama wa mke wako humgusi, humkaribii, na aibu zake huzijui hata kama unazijua.

Daktari akauliza, "Anakunywa pombe?" Nilijua. Nyumba nzima tulijua, ile pombe kali ya waragi ilikuwa inamnukia asubuhi kabla ya chai, na meza yake ya vitenge sokoni ilikuwa imebaki mbao tupu. Lakini nimuulize vipi mama mkwe swali kama hilo? Nikajibu mwenyewe, kwa Kiingereza, haraka haraka, "Hapana, huyu ameokoka." Naye mama, hajui kinachosemwa, akaitikia kwa kichwa.

Tukapewa vidonge dirishani, na yule dada wa dawa akaniambia, bila hata kuniangalia, kwamba mlevi akivimeza hivi tumbo linaweza kuvuja damu hadi afe. Nageuka, mama mkwe yuko benchini, vidonge viwili kiganjani, anafungua mdomo. Nikamrukia nikamkamata mkono, vidonge vikatawanyika sakafuni, na bibi mmoja wa Kiganda (aliyekuwa amenisifu tulipokuwa foleni kwa kukaa mbali na mkwe wangu) akageuzia uso ukutani.

Daktari akatoka. "Kuna nini?"

"Samahani, daktari, anakunywa," nikasema, na kwa vidole nikamwonyesha: kidogo tu.

Mama mkwe akavitazama vidole vyangu, akaelewa. "Apana, mukwe," akasema taratibu. "Umwambie ni kila siku. Bitenge byote nilibikunywa. Umwambie nataka kuacha, nashindwa."

Nikatafsiri neno kwa neno, na lile la mwisho nikalirudia ili daktari alisikie vizuri. Daktari akaturudisha ndani, na safari hii akakaa naye muda mrefu.

Nimeapa. Mtu akiniita nimtafsirie, nitauliza kila swali hata liniue kwa haya. Nilidhani namfichia mama mkwe aibu, kumbe yeye alikuwa anangoja mtu amuulize.