Kutoka Mlingotini Hadi Kitanda cha Uchunguzi

Kosa langu la kipumbavu nalitaja mwanzo, msije mkalisikia kwa watu. Kwa miezi minne nilikuwa natoka damu kidogo kila nikikutana na mume wangu, na dawa niliyojipa ni shabu. Shabu hii hii ya kinyozi, ya kuzibia mkwaruzo wa wembe. Naiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, najisafisha nayo ndani, halafu nashangaa mbona kunachoma na damu haikomi. Na kidato cha nne nilimaliza mimi, biolojia nikapata C.

Shabu nilipewa na Bi Mwanaidi, somo yangu. Ndiye aliyenifunda nilipovunja ungo, akanifunda tena nilipoolewa, na mambo yangu ya chumbani hupelekwa kwake peke yake. Sasa ana miaka sitini na ushei, yuko kwa mume wa tatu, na nyumba yake na yangu zimetengwa na ua wa makuti tu. Nilipomwambia nataka kwenda hospitali, aliendelea kusuka ukili wake wa mkeka bila kuinua macho.

"Ukavuliwe nguo na vitoto vya juzi? Damu ya chumbani haivuki ua huu."

"Na ikiwa saratani, somo?"

"Liite hilo jina, lije."

Mama yangu mdogo naye aliambiwa maneno ya namna hiyo. Alipofika hospitali alikuwa amebebwa, na hakurudi. Usiku ule nililala nikimfikiria yeye, na asubuhi nikaamua kwamba kwa mara ya kwanza tangu nivunje ungo, somo yangu simtii.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumbani Mlingotini. Mjue mimi si mtu wa safari. Bagamoyo mjini ni karibu tu kwa bodaboda, lakini mara ya mwisho kwenda nilimfuatia sare ya shule mtoto ambaye leo ana watoto wake. Nikafunga chapati nne na chupa ya maji kana kwamba naenda Kigoma. Baba Rehema, mume wangu, ni fundi seremala. Alikuwa uani anapiga randa, akaniona nimevaa baibui.

"Unahama?"

"Naenda hospitali. Kila tukikutana natoka damu."

Randa ikasimama. "Kumbe ni hilo? Mimi naambiwa kichwa kinauma, kichwa kinauma. Nikajua umepata mtu."

"Nimpatie wapi, na mimi hata sokoni nakutuma wewe?"

Akacheka, kisha akaweka randa chini. "Waulize kama na mimi natakiwa kupimwa," akasema. Hapo nikaona miezi minne yote nilikuwa namkimbia mtu asiye na kosa.

Nikipanda pikipiki, sauti ya somo ikapenya makuti ya ua: "Wakikuuliza, sema unafuata vitambaa!"

Saa moja, Kaole. Dereva, mtu mzima mwenye mvi zake, akasimama kutia mafuta. Mama muuza mafuta akaniamkia, akaniuliza naenda kumwona mgonjwa gani asubuhi yote hii. Vitambaa vilinijia mdomoni, nikavimeza.

"Mgonjwa ni mimi," nikasema. "Naenda kupimwa kizazi."

Dereva akajikuta anakagua tairi ambayo haikuwa na tatizo. Mama muuza mafuta akasema, "Mungu akutangulie," na dunia haikupasuka.

Saa mbili, hospitalini. Nesi aliyenipokea alikuwa binti wa umri wa Rehema wangu. "Shikamoo mama." "Marahaba," nikajibu, huku nawaza kwamba huyu anayeniamkia ndiye atakayeniangalia kusikoangaliwa. Akauliza kama nina mimba, kama bado napata hedhi, kama kuna maumivu au uchafu wenye harufu, kama natumia njia ya uzazi wa mpango. Mwisho akauliza kama naweka kitu chochote ndani. Nikaitaja shabu. Akaweka kalamu chini.

"Mama, shabu ni ya kidevu."

Halafu akanieleza bila kunisimanga. Damu kidogo ya mara moja huenda ni ukavu au mchubuko, na hupita. Ikijirudia, njoo uangaliwe. Ikiwa nyingi, au ina maumivu ya tumbo la chini, au una mimba, usingoje kesho. "Na aliyekwisha koma hedhi, hata tone moja asilinyamazie."

"Kwa hiyo ni saratani?"

"Mara nyingi siyo. Ila bila kuangalia, mimi na wewe tunabahatisha tu."

Kitanda kilikuwa kirefu kuliko safari yote. Nesi na daktari wakaingiza chombo chenye umbo la mdomo wa bata, wakapaka siki. Siki ya kachumbari, naapa, niliijua kwa harufu. Pakigeuka peupe pana shaka. Hapakugeuka. Lakini kwenye shingo ya kizazi palining'inia kinyama, kama punje ya mahindi. Daktari akakitoa, nilihisi kufinywa, basi. Kikapelekwa kupimwa. Nikaambiwa nipumzishe chumba wiki mbili na shabu niiache moja kwa moja. Mume hakuhitaji kupimwa. Chapati nilizila zote nne pale nje.

Wiki tatu baadaye nikarudi kwa njia ile ile kuchukua majibu. Kinyama hakikuwa na saratani. Damu ya chumbani tangu kitolewe sijaiona.

Saa kumi alasiri, siku hiyo hiyo, barazani kwa Bi Mwanaidi. Wanawake sita tulikuwa tunasuka ukili. Niliapa njiani kwamba nitasema, nikasema: damu, shabu, siki, kinyama, na yale maneno ya nesi, hata la aliyekoma hedhi. Nikajua hapa nimekwisha. Somo atanifukuza barazani mbele ya watu.

Bi Mwanaidi akaweka ukili chini. Safari hii aliinua macho.

"Kesho asubuhi unipitie," akasema. "Damu yangu ina miezi sita, na hedhi nilishaisahau."