Kijana Asiyejua Kupotea

Jovnna alikuwa na kila kitu ambacho mwongozaji wa sinema angeweza kukiomba kwa kijana wa miaka kumi na sita: nywele zisizosikia kitana, macho makubwa, na miguu ya kurukaruka juu ya mawe kama mbuzi. Kasoro yake ilikuwa moja tu. Hakujua kupotea. Na sinema yenyewe, kwa bahati mbaya, ilimhusu kijana aliyepotea.

Ilitokana na kitabu kilichopendwa sana huko kusini. Mvulana wa mjini anakuja matembezi na shule yao huku juu kabisa ya Norwe, anaachwa nyuma na wenzake, anatangatanga nyikani peke yake mpaka karibu asahau jina lake. Jovnna alipochaguliwa alikileta kitabu nyumbani akamsomea bibi yake, Inggá, aliyemlea tangu akiwa wa kubebwa. Kusoma ukurasa mmoja kulichukua nusu saa, maana bibi hakuacha kudakia.

"Ngoja kwanza. Yuko wapi huyo mtoto?"

"Ng'ambo ya ziwa refu, Bibi."

"Mbona haendi kwa shangazi yako Berehta? Kibanda kiko pale pale. Mlango haufungwi, kuni zimo, kahawa imo."

"Hajui kama kuna kibanda. Yuko porini."

Bibi Inggá aliweka kikombe chini. Kwao pori si mahali pa kupotelea. Ni mahali pa kuendea kitu: kuna pori la samaki, pori la kuni, pori la matunda. Ukimwambia mtu naenda porini, atakuuliza mara moja unakwenda kuchukua nini.

"Haya, alikwenda kuchukua nini huko?"

Jovnna alirudi nyuma kurasa mbili kuhakikisha. "Hakuna. Kutembea tu."

"Basi ana haki ya kupotea," bibi alihukumu. "Endelea."

Pamoja na kejeli zake, kesho yake alitangaza kanisani kwamba mjukuu wake ataonekana kwenye sinema. Bibi huyu hakuwa ametazama sinema tangu ujana wake, siku alipoona mtu wa kusini akiigiza mtu wa kwao huku kofia yao ya asili ameivaa nyuma mbele. Alitoka ukumbini akaapa harudi mpaka aone mtoto wa kwao pale juu. Sasa alikuwa amekwisha kuchagua na skafu atakayovaa.

Upigaji picha ulianza mwisho wa kiangazi, wakati matunda ya njano yanaiva kwenye matope na mbu wa mwisho wanauma kwa hasira ya kufukuzwa. Mwongozaji alikuwa dada mmoja mpole kutoka Oslo, Sunniva, mwenye koti la rangi ya chungwa.

"Jovnna, tazama mbele," alisema. "Umepotea. Hujui uliko. Kila upande ni mmoja."

Jovnna alitazama mbele. Kushoto aliona kilima alikovunjia meno ya utotoni. Kulia aliona moshi wa Shangazi Berehta, na kwa rangi ya moshi akajua anakausha nyama. Uso wake ukawa uso wa mtu anayesubiri basi ambalo anajua litafika.

"Kata! Jovnna, ogopa kidogo."

"Namwogopa nani?"

Wakarudia. Safari hii kulungu watatu wa kufugwa walipita nyuma yake, na kijana aliyepotea nyikani akageuka, akawatazama alama za masikio, akasema kwa sauti, "He! Hawa si wa Mjomba Biera? Wanafanya nini huku?"

Wakarudia tena. Hapo Shangazi Berehta mwenyewe akatokea kwenye picha na ndoo yake ya matunda, akiwa na kofia nyekundu inayoonekana kutoka ziwa la pili.

"Jovnna! Bibi yako anasema umesahau soksi!"

"Shangazi, tuko kazini! Niko peke yangu hapa!"

"Peke yako na watu arobaini?" Shangazi Berehta aliangalia taa, waya na mpigapicha Eilif aliyekuwa amelala kifudifudi kwenye ukoka. "Na huyu anaumwa nini? Mpeni kahawa."

Jovnna aliona haya, lakini jambo lililomuuma zaidi lilikuwa jingine: alikuwa ameipenda kazi ile. Alipenda jinsi watu wazima wanavyonyamaza wote kwa pamoja kamera ikianza. Jioni alipofanya mazoezi mbele ya kioo, binamu yake Áilu alimkuta amekunja uso.

"Unaumwa tumbo?"

"Nimepotea."

"Hapana. Hilo ni tumbo."

Áilu akajitolea kumsaidia. Alimvika ndoo kichwani, akamzungusha mpaka wote wawili wakaona nyota mchana, akamwachia katikati ya uwanda. Jovnna alipepesuka kidogo, akahisi upepo mikononi na mteremko chini ya nyayo, akatembea na ndoo yake hadi mlangoni kwa bibi na kubisha hodi.

"Ndoo ibaki nje," alisema Bibi Inggá.

Siku ya mwisho Sunniva alimketisha juu ya jiwe. Hakuficha neno. Vipande vilivyobaki, vya ndani ya hema na vya uso kwa karibu, vingepigwa Oslo. Huko Oslo kulikuwa na kijana mwingine aliyekwisha kujaribiwa. "Yule anaonekana amepotea hata akiwa jikoni kwao," Sunniva alisema kwa huzuni. "Nakupenda wewe, Jovnna. Lakini bila ule uso sina sinema. Nisipoupata Oslo, tutaanza upya na yeye."

Jovnna alipanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, mfukoni nyama kavu ya bibi, masikioni agizo lake: "Uniletee kahawa ya huko, nione kama wanajua kuchoma."

Eilif ndiye aliyempeleka kwenye jumba la maduka. Aliegesha gari chini ya ardhi, akasema, "Nenda, nitakungoja hapa hapa." Jovnna akaingia kwenye lifti, akapanda, akazunguka, akaona viatu, miwani na samaki wa kwenye tangi, kahawa asiione. Akaingia lifti nyingine kurudi. Mlango ulipofunguka akatoka, na lifti ikajiendea zake.

Magari. Nguzo. Magari. Nguzo ya njano, na nyuma yake nguzo ya njano. Alinyoosha mkono kutafuta upepo, upepo haukuwapo. Alitafuta mteremko kwa nyayo. Sakafu ilikuwa bapa kama meza. Jua halikuwapo, kuvumwani inayoota upande mmoja wa jiwe haikuwapo, moshi wa shangazi yeyote haukuwapo. Simu ilionyesha msalaba mahali pa mtandao. Alitembea mpaka akafika kwenye nguzo ya njano, akatambua kwa mshtuko kwamba hana njia ya kujua kama ndiyo ile ya kwanza.

Basi akafanya kama alivyofundishwa akiwa mdogo, somo ambalo hakuwahi kulihitaji: ukipotea, usihangaike, keti, kula kidogo, ungoje. Akaketi akaegemea nguzo. Akatoa kipande cha nyama kavu, akakishika tu, asikile.

Eilif alikuwa amechoka kungoja, akatoka kumtafuta na kamera ndogo begani, maana hakuwa mtu wa kuiacha garini. Alipopinda kona akamwona. Akataka kumwita, akaghairi. Polepole akainua kamera.

Jovnna aliinua macho.

"Kaskazini ni wapi?" aliuliza.

Eilif hakujua. Alishusha kamera, akamkumbatia. "Nisamehe, mdogo wangu," akasema, akicheka na kufuta macho kwa pamoja. "Nisamehe, lakini umeupata ule uso."

Yule kijana wa jikoni hakuitwa tena.

Pasaka ilipofika, theluji ilishindiliwa ikawa ukuta mkubwa mweupe nje ya kijiji, na sinema ikaonyeshwa juu yake. Watu walikuja na pikipiki zao za theluji, wakaziegesha kwa safu, wakatandika ngozi za kulungu na kumimina kahawa juu ya vipande vya jibini, kama ilivyo desturi yao. Bibi Inggá alikaa mbele kabisa na skafu yake.

Ikawa vurugu tangu mwanzo.

"Geuka kushoto, we Jovnna!"

"Huo mto ameuvuka mara ya tatu, anautafutia nini?"

Shangazi Berehta alisimama kabisa, kivuli chake kikaziba nusu ya milima. "Mlango ulikuwa wazi! Mwambieni mlango ulikuwa wazi!"

Kisha uso ukaja. Ulijaza ukuta wote wa theluji. Nguzo ilikuwa imegeuzwa shina la mti, na taa za maegesho zimekuwa mwezi. Kijana alishika kipande cha nyama asichokila. *Kaskazini ni wapi?* Hakuna aliyejibu. Hata Áilu, aliyekuja na mzaha tayari mdomoni, aliumeza.

Bibi Inggá alimshika mjukuu wake mkono, akambana kana kwamba ataondoka tena.

"Mjukuu wangu. Pale ni wapi? Silijui pori lile."

"Chini ya maduka, Bibi," Jovnna alinong'ona. "Oslo."

Bibi alilifikiria jambo hilo, macho yakiwa kwenye theluji.

"Ulikwenda kuchukua nini?"

"Kahawa yako."

"Ahaa." Alimpigapiga mkono. "Basi hukuwa na haki ya kupotea. Walikuonea."

Nyuma mtu mmoja akaanza kucheka. Bibi Inggá akageuka na skafu yake yote.

"Nyamazeni huko! Hamwoni mtoto amepotea?"