Vijiti vya Mashoto

Fundi cherehani mmoja, ambaye mtaa mzima ulimwita Mashoto kwa kuwa mkasi aliushika kwa mkono wa kushoto, alikwenda zahanati kutolewa vijiti vya uzazi wa mpango. Miaka mitano ilikuwa imetimia. Nesi kijana alimlaza, akaukunja mkono wake wa kushoto, akapapasa kutoka kwapani hadi kiwikoni. Akapapasa tena.

"Mama, mbona hamna kitu? Una hakika uliwekewa?"

Mashoto akaduwaa. Siku ile alifumba macho, kitinda mimba wake akilia mgongoni mwa wifi. Zaidi ya kilio hakukumbuka kitu. Kadi ilitaja tarehe tu. Tangu hapo alikuwa amenenepa, mikono ikajaa. Akaambiwa arudi kesho, nesi mkubwa atakuwepo.

Njiani akili ilimzunguka kama pia. Kama havikuwemo, nini kilimzuia kushika mimba? Uzee, naye ana miaka thelathini na minane tu?

"Vimeyeyuka hivyo," dada yake alimwambia. "Vimeingia kwenye damu."

Mumewe alicheka. "Basi hata leo tungeweza kupata mtoto." Hakusema kama ni heri au balaa, wala Mashoto hakuuliza. Jioni hiyo alimshonea mteja gauni lenye mikono miwili ya kulia.

Kesho yake nesi mkubwa alimpa kalamu asaini, akamtazama anavyoishika.

"Kumbe unatumia shoto? Lete mkono wa kulia. Huwekwa kwenye mkono usioufanyia kazi." Akabonyeza mara moja. "Hivi hapa, vimelala kama pacha."

Sindano ya ganzi, mkato usiozidi tundu la kifungo, na vijiti viwili vikatua kwenye kisahani, vyembamba kama njiti za kiberiti.

"Nikuwekee vingine?"

Siku ya kwanza alikuwa amekuja na jibu la ndiyo. Lakini tangu jana alishaanza kupanga pa kuisogeza cherehani ili kitanda kidogo kipate nafasi.

"Sijui," alisema, na kweli hakujua.

"Kafikirie. Ila mimba haisubiri ukate shauri, inaweza kuingia hata wiki hii."

Nyumbani mumewe aliitazama bendeji. "Sasa tufanyeje?"

"Ndiyo nilitaka kukuuliza wewe."

Siku tatu walirushiana neno hilo, kila mmoja akimwachia mwenzake. Ya nne Mashoto alirudi peke yake, akawekewa vipya. Alipotoka alisimama kidogo langoni, asijue kama moyo umetua au umefiwa.