Kaburi la Tombe Uani kwa Wageni

Kila jioni Kiden alisikia jenereta ikinguruma ng'ambo ya ukuta, na swali moja likawa linamtafuna: je, wameiweka juu ya kaburi la mumewe?

Tombe alizikwa uani kwake, kama Wabari wengine pale Munuki, mtaa wa Juba. Kiden alipolipangisha shirika la misaada nyumba ile ili watoto wasome Uganda, alihamia kwa dadake, mlango wa pili. Kaburi hakulitaja. Nani Juba asiyejua saruji ndefu chini ya mwarobaini ni kitu gani? Kisha ukuta ukapandishwa, seng'enge juu yake, naye akabaki kutegesha masikio.

Asubuhi moja uzalendo ukamshinda. Langoni alimkuta mlinzi, Pitia, mtoto wa shemeji yake.

"Mama mkubwa, una miadi?"

"Na baba yako mkubwa, marehemu."

"Hapo umeniweza. Ila nikikufungulia hivihivi, kesho sina kazi, nitakuja kula kwako."

"Kwani leo utakula wapi? Kamwite mkubwa wako."

Mkubwa alikuwa Birgit, Mzungu mpole mwenye Kiarabu cha Juba cha kuokoteza. Akampeleka Kiden mpaka uani. Jenereta ilikuwa kule jikoni, na Kiden akashusha pumzi. Lakini juu ya kaburi palikuwa na vikombe vya kahawa, na kijana mmoja amejinyoosha na simu yake.

"Benchi lenu zuri," Birgit alisema. "Jioni tunaligombania, pana upepo."

"Mwenyewe yumo ndani," Kiden akajibu.

Kijana aliruka kama aliyekalia siafu. Birgit akawa mwekundu, akaomba radhi mpaka Kiden akamwonea huruma. Siku hiyohiyo wakalizungushia kaburi kamba nyeupe, asiguse mtu. Kiden hakuwa amekasirika hata kidogo. Tombe alipenda kukaa na watu, na sasa walikuwa wamemtenga. Aliomba jambo moja tu: aje Jumapili, akae naye.

Wakakubali kwa moyo wote. Wakampiga picha, wakamtengenezea kadi, na Jumapili Pitia akamvisha shingoni. Kiden akaigeuza aisome. Chini ya sura yake waliandika: MGENI.

Alilitazama lango ambalo yeye na Tombe walilipaka rangi kwa mikono yao.

"Haya, mwanangu," akamwambia Pitia. "Nionyeshe njia."