Asubuhi ya Senene Uwanjani

Juma lililopita nilipata barua kutoka Australia. Binti wa aliyekuwa mwalimu wetu wa michezo alinijulisha kwamba baba yake amefariki. Nimeisoma mara nne hapa bwenini, chuo kikuu. Nimeona hata mahali aliposahau kuweka nukta. Sijalia.

Unaikumbuka, rafiki, shule yetu ya Maruku miaka ile ya Ujamaa: asubuhi jembe katika shamba la shule, mchana ndizi na maharage, jioni kuanua kahawa mikekani. Mwalimu alitujia akichechemea. Kwao alicheza mpira wa umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, hadi goti likavunjika. Akawa kocha, timu ikashindwa msimu mzima, akafukuzwa. Alitusimulia hayo bila aibu. Bibi yangu alipouona mpira wenyewe alicheka, akamwita mama yake kwa Kihaya: "Mawe! Huu nani kaukalia?"

Alitufundisha kuupanda mgongo wa mwenzako ili uudake. Mkataba wake ulipokaribia kwisha, afisa elimu aliahidi kuja Jumamosi moja ya Novemba. Mchezo ukimridhisha, ungeingizwa katika mashindano ya shule, na mwalimu angeongezewa miaka miwili. Sote tulijua. "Kesho," alituambia, "msitazame kitu kingine ila mpira."

Mchezo ulikuwa haujafika mbali wingu la kijani liliposhuka nyasini. Senene, wale panzi wa kuliwa. Kwetu mtoto hafundishwi kuwakimbilia; miguu hutangulia. Mpira nilikuwa nao mimi. Niliuweka chini, kwa uangalifu kabisa, nikavua shati nikaanza kukusanya. Wakafuata wenzangu, kisha wapinzani, kisha dereva wa afisa.

"Toka, hawa wangu!"

"Wako? Umewazaa wewe?"

Afisa naye alijaza kofia yake, akacheka, akasema vijana hawa bado, akaondoka. Mwalimu alibaki katikati ya uwanja, mikono kiunoni.

Jioni alikuja nyumbani. Bibi alimwekea senene waliokaangwa kwa chumvi, akamkaribisha kwa neno letu la heshima: "Kula, waitu mwalimu. Hawa hawangojei mtu." Akala, akaomba tena. Kisha akaniuliza, bila ukali, ni nani aliyeuacha mpira kwanza.

Nilisema sikuona.

Nimelipima jibu hilo miaka mingi. Nilipouweka mpira chini alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, jua likiwa nyuma yake. Aliona. Kwa hiyo hakuuliza ili ajue. Alinipa nafasi ya kusema, nami sikuitumia. Alitikisa kichwa polepole, akaendelea kutafuna.

Desemba, mkataba ulipokwisha, alipanda meli ya Mwanza kurudi kwao. Hakuna aliyeuendeleza mchezo ule. Jana nilijaribu kumsimulia mwenzangu wa chumba, nikakwama katika sentensi ya kwanza: hatukuwahi kuupa jina, si kwa Kihaya wala kwa Kiswahili. Tulidhani muda upo.