Tope la Nyuma ya Zizi

Nakumbuka asubuhi moja hapa Susuni, mwanangu, nikiwa kijana wa kujiona, bomba jipya la dawa ya kupe mgongoni, naringa nalo utadhani nimeoa. Kila Jumamosi niliwapulizia ng'ombe nyuma ya zizi, na dawa iliyobaki niliimwaga palepale kwenye tope. Kupe wakaisha. Nilisifiwa mpaka Tarime mjini. Haya, nimetia chumvi, walionisifu ni majirani tu.

Baba yangu, tata, alikuwa na mzinga wa gogo karibu na zizi. Akiamka alisogeza sikio pale kwanza, kabla hata ya kuitikia shikamoo yangu. Mwaka ule sauti ikaanza kupungua. Sikuona nyuki waliokufa, ndiyo maana sikushtuka. Walitoka wengi wakarudi wachache, na wengine walitua mlangoni wakitetemeka kama waliosahau kwao. Asali ikawa ya kulamba kidoleni.

Asubuhi hiyo ninayoikumbuka, akaniita.

"Wewe mura, kijana wangu, umepiga dawa nyuki wangu?"

"Hapana, tata. Napiga ng'ombe tu."

Akanishika mkono, akanipeleka hadi nyuma ya zizi. Nyuki walikuwa wamejaa kwenye lile tope lenye chumvi ya mkojo wa ng'ombe, wanakunywa.

"Ungewaua siku moja ningekutukana, yakaisha," alisema. "Wewe umewanywesha mwaka mzima."

Hakupaza sauti. Afadhali angenichapa. Niliacha kumwaga dawa pale, lakini nyuki walikuwa wameshadhoofika, na mvua zilipoanza mzinga ukanyamaza. Tata aliendelea kuusogelea kila asubuhi, anasikiliza, anaondoka, mpaka alipotutoka. Nimemkumbuka sana siku hizi. Natamani angesikia ninachokisikia mimi: mwezi huu nyuki wameingia tena kwenye gogo lake.

Na wewe jana umerudi na bomba. Sikukatazi, kupe wanamaliza mifugo. Ila pulizia mbali na maji na tope, na mabaki usiyamwage ovyo. Muulize bwana mifugo pa kuyapeleka. Maharage yakiwa na maua, usiyapulizie dawa nyuki wakiwa kazini. Wawekee karai la maji safi lenye mawe ya kutua. Usingoje kuona nyuki wamelala chini ndipo uamini.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Ng'ombe wako wanenepe, na kila asubuhi utakaposogeza sikio kwenye gogo la babu yako, uitikiwe.