Kijiko cha Bibi Marselina

Hildegarda hanywi pombe. Anayetaka kumjua aanzie hapo: mwanamke mwenye kiwanda cha wiski uani kwake, pale Mikumi, ambaye sikukuu zote humkuta na soda ya machungwa mkononi. Harufu ya pombe anaijua vizuri, maana alilelewa ndani yake. Baba yake, Mngoni aliyeletwa Kimamba kukata mkonge enzi za manamba, alifariki mapema, na mama yake, Bibi Marselina, Mngoni pia, akawasomesha yeye na mdogo wake Ditram kwa gongo, pombe ya magendo. Alilipika vichakani, akalibeba kichwani chini ya mkaa, na mgambo walipofika kumkamata, yeye alikuwa keshafika kijiji cha Munisagara.

Kwa hiyo Hildegarda alipostaafu ualimu na kutangaza kwamba familia itafungua kiwanda chenye leseni, kipike wiski kwa mahindi ya Chanzuru, Bibi Marselina alimtazama kama mtu aliyeomba kulipa kodi ya kupumua.

Boila aliliunda Oswald, mumewe Hildegarda, fundi mstaafu wa karakana ya reli. Mtambo wa kupikia, wa shaba tupu, ulifuliwa Morogoro. Ukaletwa kwa lori la Fuso, tumbo lake kama sufuria la ubwabwa wa harusi, shingo ndefu imepinda kuelekea nyuma. Njiani askari akawasimamisha, akitaka kujua shaba hiyo imetoka kwenye nyaya za nani. Oswald akatoa risiti. Askari akauzunguka mtambo, akaunusa.

"Mzee, huu si mtambo wa gongo huu?"

"Wa wiski, afande."

"Tofauti yake nini?"

"Leseni," alisema Oswald.

"Na miaka mitatu," akaongeza Hildegarda.

Hiyo miaka mitatu ndiyo iliyowatia watu wazimu. Mtaalamu aliyewafundisha kazi alisema kinywaji kisicholala miaka mitatu kwenye pipa la mbao kisithubutu kujiita wiski. Wakanunua pipa lililokwisha kutumika kwa mvinyo kule Dodoma. Bibi Marselina alilipiga kofi kama anayenunua mbuzi.

"Tembo wa hapo mbugani anabeba mimba, anazaa, mtoto anakua anakuja kula mahindi yetu, na pombe yenu bado imelala?"

Leseni yenyewe ilikaribia kuwaponyoka. Siku mkaguzi alipokuja, Bibi alisikia gari la serikali likiingia uani, na miguu yake ya zamani ikamrudia. Alinyanyua ndoo iliyojaa pombe ya kwanza kabisa ya mtambo ule, akaimwaga yote kwenye migomba, akaigeuza ndoo, akaikalia, akatoa rozari.

"Shikamoo bibi," alisema mkaguzi, kijana mpole.

"Marahaba. Hapa hatuna pombe."

"Lakini bibi, mimi nimekuja kwa ajili ya leseni ya pombe."

"Hata leseni hatuna, baba."

Ditram aliizunguka ile migomba kama mfiwa. Ikabidi wapike upya, mkaguzi arudi siku nyingine, na siku hiyo Bibi alipelekwa kanisani mapema.

Pipa likajazwa, likazibwa. Sasa nani ataonja? Desturi ni kwamba mpika pombe huonja mwenyewe kwanza, wateja waone haina sumu. Mpishi wao ni Hildegarda, naye hanywi. Basi kila mwisho wa mwezi Hildegarda alichota kijiko kimoja, akampelekea mama yake kitini, wakakaa pamoja jioni ile. Bibi alikizungusha kinywaji mdomoni, akafumba macho, akapiga ulimi, akasema, "Bado."

Ditram hakupendezwa. Alitaka pipa lifunguliwe kwa kipaimara cha mwanawe, kwa harusi ya shemeji, hata siku timu yake iliposhinda ugenini. "Mama anasema bado ili kijiko kisikauke!" alilalamika. Hildegarda hakutikisika. Alikuwa na jambo moja moyoni: pombe iliyotoka kwenye mikono ya familia yao ikae mara moja tu mezani mchana kweupe, na jina la Marselina kwenye chupa, bila mkaa juu yake. Pipa likifunguliwa kabla ya wakati, ni gongo lililopakwa rangi, na mama yake atabaki kuwa yule yule wa kukimbizwa.

Ilipobaki miezi michache, Bibi Marselina akafariki.

Hildegarda alishughulika na sanda, na maturubai, na wageni, na machozi hayakuja. Jeneza lilipofika makaburini, shimo lilikuwa na mtu. Ndani amesimama Bonifas, mlinzi wa kiwanda, Mhehe, amejifunga kitenge cha marehemu na kuegemea fimbo yake. Wahehe na Wangoni ni watani, na hawa wawili walitukanana kwa furaha miaka yote, kila mmoja akidai babu yake ndiye aliyemkimbiza babu wa mwenzake.

"Sitoki!" alipiga kelele kwa sauti ya Bibi Marselina. "Nimedanganywa kwa kijiko mpaka nimekufa! Leteni pipa!"

Waombolezaji wakalipuka kwa vicheko. Padri akatazama saa, akatazama mbingu. Mtani hanuniwi, na kumkatalia msibani ni aibu ya ukoo. Ditram alikuwa keshakunja mikono ya shati akalibiringishe. Na Hildegarda alijua: pipa likifika mbele ya umati ule, litarudi kavu.

Akaenda mwenyewe. Akarudi na kichupa na kijiko cha mama yake.

"Mtani, mama alikuwa anaonja kwanza. Ukisema imeiva, pipa linakuja."

Bonifas akapokea kijiko. Akazungusha mdomoni, akafumba macho, akapiga ulimi vile vile. Akamtazama Ditram, ambaye, Mungu anajua alikitoa wapi, tayari alikuwa na kikombe.

"Bado," alisema.

Umati ukaguna, ukacheka, ukapiga makofi. Bonifas akanyoosha mkono avutwe juu, na Hildegarda, akimvuta, alianza kucheka, na katikati ya kicheko kilio kikamjia chote.

Jioni alimfuata getini. "Mtani, ni kweli bado?"

"Thubutu! Imeiva tangu mwaka jana. Mama yako mwenyewe aliniambia nisiseme."

"Sasa kwa nini alikuwa akisema bado?"

"Alisema, 'Siku nikitamka imeiva, Hildegarda ataiuza yote, na nani ataniletea kijiko jioni?'"

Hildegarda akarudi ndani. Mwisho wa mwezi alichota kijiko kimoja kama kawaida, akakibeba mpaka kwenye kiti cha mama yake, akakuta kiti kitupu. Akakaa yeye. Kwa mara ya kwanza maishani akaonja, akakohoa mpaka Oswald akaja mbio kutoka kwenye boila.

"Vipi? Imeiva?"

Hildegarda alifuta macho.

"Bado," alisema, akalamba kijiko.